Fundi wa Sanduku Hali Msibani

Nyie mnaojifunza kazi ya mbao hapa Keko, mnaonipisha kwenye benchi kila nikipita kwa sababu ya mvi zangu, leo nami niwalipe heshima hiyo. Nimefanya useremala mpaka mgongo ukakataa. Nimetengeneza vitanda, milango, kabati na makochi, lakini kazi iliyonifanya nijulikane Temeke yote, na Kinondoni hadi Kawe na Madale, ni masanduku ya kuzikia. Watu walikuwa wakinisalimu kwa adabu kisha wanaharakisha kwenda zao.

Tuanze na kupima, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Usitoe utepe wa chuma mbele ya wafiwa. Ule mlio wake ukisikika, mama wa marehemu anaanguka upya. Tafuta kamba ya katani, mpe ndugu mmoja mwenye moyo mgumu, aingie ndani apime kutoka utosini hadi kisiginoni, afunge fundo. Ukirudi karakana ongeza shubiri nzima, kwa sababu aliyepima alikuwa analia.

Mimi hilo nililijua baada ya kuaibika. Siku moja alikuja bwana mmoja kuagiza sanduku la kaka yake, nikamwomba kipimo, akajigonga kifua akasema, "Alikuwa kimo changu kabisa." Nikampima yeye. Kumbe kaka mtu alikuwa mrefu kwa kichwa kizima, ila huyu mdogo maisha yake yote hakuwahi kukubali kwamba ni mfupi. Ilibidi marehemu akunjwe magoti. Mzee Abeid, mwenye karakana, alipopata habari akasema, "Haule, wewe hukupima maiti. Umepima majivuno."

Mzee Abeid ndiye aliyenipokea nilipotoka Songea na kimfuko cha nguo na randa moja ya kurithi. Alikuwa Mzaramo wa hapahapa Temeke, Muislamu safi, mwenye karakana na maneno machache. Yeye alikuwa mtu wa milango na vitanda. Wakristo walipoanza kuja kwa wingi kuagiza masanduku, akanikatia pembe ya karakana ikawa yangu, na siku hiyohiyo akanipa mwiko.

"Kazi hii ni ya halali na ina thawabu," alisema. "Ila shika neno moja. Fundi wa sanduku hali msibani. Peleka, toa pole, ondoka. Watu wakikuona unatafuna na kazi yako iko pale mbele, watasema unashibia vifo vyao."

Nikasema, "Nimesikia, mzee." Na kweli nilisikia. Sikio halikuwa na kosa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo mpaka leo nikilisema uso unaniwaka moto. Mimi nilikuwa nakula. Mtasema kila mtu anakula. Hapana, sikilizeni vizuri. Nilikuwa nakula kama mtu anayefukuzwa. Mchana nilikula wali maharage na wenzangu kwa mama ntilie wa jirani, nikanawa mbele yao, nikashika tumbo nikasema nimeshiba. Halafu nikasema naenda kutafuta misumari. Miaka ile ya themanini mwanzoni misumari ilikuwa haipatikani kirahisi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa fundi akizunguka. Misumari yangu ilikuwa Chang'ombe, kwa mama ntilie asiyenijua, ugali na samaki. Kutoka hapo ilikuwa kwenye chapati za barabarani, nakula nimegeukia ukuta. Jioni Mama Agnesi, mke wangu Matilda, akinipakulia, nilikula kama mtu aliyeshinda na njaa.

Kisha ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, kila kona ikawa na duka, na kila duka likawa na misumari, bawaba, vitasa na gundi. Mafundi wote wa Keko walifurahi. Mimi peke yangu nilisikitika, maana nilinyang'anywa kisingizio.

Mtu asiyejua huniuliza, utamu ulikuwa mkubwa kiasi hicho? Utamu uliisha kwenye matonge ya mwanzo. Baada ya hapo sikuonja kitu. Mkono ulikwenda na kurudi, nami nikautazama kama mkono wa mtu mwingine, nikiuambia acha, acha, nao hausikii. Nikimaliza nilijichukia. Na dawa ya kujichukia niliyoijua ilikuwa moja, nanyi mnaijua ni ipi.

Msibani ndiko nilikopata pa kujificha. Miaka ya tisini misiba ilikuwa mingi mno. Kulikuwa na ule ugonjwa ambao hatukuthubutu kuutaja, tukiuita ngoma, tukiuita umeme, na ulipita mitaani ukichukua vijana wa rika lenu. Nilikuwa napiga misumari mpaka mkono unakufa ganzi. Na kila msiba una masufuria uani, na msibani hakuna anayekuuliza umealikwa na nani. Nikaanza kukawia. Nikifikisha sanduku nasema nisubiri kidogo nione kama linakaa sawa. Nikirudi karakana nanawa mikono kwa tapentaini ili Matilda asisikie harufu ya pilau. Mzee Abeid wakati huo macho yalishamfifia, anashinda nyumbani, nami nilishukuru kwamba hanioni. Mtu anayeshukuru mwalimu wake kupofuka amefika mbali.

Msidhani sikutafuta msaada. Nilikwenda zahanati, daktari akanipima, akasema, "Punguza kula, mzee." Ni kama kumwambia anayezama apunguze maji. Nikaenda kuungama, padri akanipa sala, nikazisali zote, nikitoka nikanunua maandazi mlangoni mwa kanisa. Nikaenda kwa mganga mmoja huko Mbagala, akaniambia ndani yangu kuna jini anayekula nami sahani moja, nilete kuku mweusi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza yule kuku atapikwaje.

Na ugumu mkubwa ulikuwa huu, kwamba hakuna aliyeona kama naumwa. Siku zile kukonda kulikuwa ndiko kunakotisha. Mtu akipungua kidogo tu mtaa mzima unanong'ona. Mimi nilivyozidi kuvimba, nilizidi kusifiwa. "Fundi umenawiri! Fundi mambo yako safi!" Nikipanda ngazi mbili natweta, moyo unagonga kama nyundo, na watu wananipongeza.

Basi siku moja nikapeleka sanduku Kawe, msiba wa mzee mmoja wa kwetu Songea. Hapa lazima niwaeleze nyie wa mjini jambo, maana utani mnaoujua siku hizi ni wa mpira tu. Sisi Wangoni na Wayao tuna utani wa jadi. Mababu zetu walipigana, walipochoka kupigana wakaamua kutaniana. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya lolote. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, atalala kwenye mkeka wa wafiwa adai alipwe ndipo ainuke, atakutolea aibu yako mbele ya watu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu.

Sanduku lile lilikuwa zuri, la mninga, na vishikio vya kung'aa vilivyokuwa vimeanza kuletwa kutoka Dubai. Nikatoa pole. Nilipaswa kuondoka. Badala yake nikazunguka uani, nikawaambia akina mama nina safari ndefu ya kurudi Keko, wakanipa sahani. Nikaenda kukaa mkekani na wazee, sinia lilipokuja nikala nao kama sijatia kitu mdomoni toka jana. Halafu nikarudi uani kwa upande wa pili, kwa akina mama wengine, nikasema nimetumwa chakula cha padri. Mungu anisamehe, padri mwenyewe alikuwa bado hajafika.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pipa la maji, mashavu yamejaa, niliposikia mfuniko wa sufuria unapigwa kwa mwiko.

"Wangoni! Wangoni nyie! Njooni mumwone fundi wenu! Kaleta sanduku moja, anaondoka na masufuria matatu!"

Alikuwa mama wa Kiyao, mnene kama mimi, muuza mitumba ya watoto sokoni Temeke. Jina lake sitalitaja, nitamwita Mtani kama nilivyomwita siku zote. Akafura mashavu, akatembea mwendo wangu, tumbo mbele na miguu nje, akashika kamba akaanza kupima masufuria moja baada ya jingine. Akaenda nayo hadi mbele, kwenye sanduku.

"Marehemu apimwe upya! Mie naona sanduku limempwaya. Fundi keshamla na yeye!"

Watu walicheka. Waliokuwa wanalia walicheka. Mjane mwenyewe alijiziba mdomo kwa khanga mabega yakitikisika. Nami nikacheka, kwa sababu ndiyo sheria, nikacheka huku punje za wali zinanitoka mdomoni na kuanguka kwenye shati. Nilikumbuka maneno ya Mzee Abeid, neno kwa neno, kwa sauti yake. Nilipoona wamegeukia mengine nikapenya hadi nyuma ya ukuta wa choo, nikachuchumaa, nikalia.

Akanifuata. Alikuwa na kopo la maji.

"Mtani, nawa uso."

"Umenimaliza, mtani."

"Watu wote hao hawakukuona, mie ndo nimekuona. Hujiulizi kwa nini?"

Nikanawa uso. Akatazama huku na huku, akafungua upindo wa khanga yake. Mlikuwa na minofu ya nyama imefungwa kwenye gazeti, mafuta yameshalowa mpaka kwenye kitambaa.

"Kila sufuria ulikopita, mie nilikuwa nishapita," alisema. "Ulivyosema umetumwa na padri nikajua uongo, maana na mie nilishasema hivyohivyo."

"Sasa kwa nini ukanitangaza?"

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Nilikuwa najitukana mwenyewe, mtani. Mdomo ukakuangukia wewe. Nisamehe."

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Tulikaa pale watu wazima wawili, harufu ya choo upande mmoja na ya pilau upande wa pili. Nikamuuliza tufanyeje. Akasema, "Mie sijui. Ila nimechoka kula peke yangu."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Nilikuwa nakula katikati ya mamia ya watu, na kweli nilikuwa peke yangu.

Alianza kuja karakana alasiri, akishafunga meza yake. Mahali alipachagua mwenyewe. Alisema hapa ndipo mahali pekee Temeke nzima ambapo hakuna mtu atakayeingia na sahani, na alisema kweli, watu walikuwa hawathubutu hata kunywa maji mbele ya yale masanduku. Akawa anakaa juu ya sanduku ambalo halijakwisha, mimi juu ya jingine, tukaambiana. Leo nimekula nini, wapi, nimejificha kwa nani, nimemdanganya nani. Basi. Hatukuwa na daktari wala kitabu. Mimi mwanzoni nilikuwa napunguza, nasema chapati mbili wakati zilikuwa tano, naye ananitazama tu: "Mtani, huku ni kupima majivuno." Nilikuwa nimemsimulia ile habari, naye akaifanya fimbo.

Na alinitania. Hilo nataka mlielewe, maana nimeshaona watu wakimsaidia mgonjwa kwa kumhurumia mpaka anazama zaidi. Nikisema nimeiba maandazi ya mwanangu Agnesi ya kwenda nayo shule, na kweli niliiba, Mungu wangu, Mtani hakusema pole. Alisema, "Ungekula na daftari lake ungepata na elimu." Nikacheka, na nilipocheka niliweza kumalizia kusema, kwamba Agnesi aliuliza na mimi nikamsingizia paka. Bila kile kicheko nisingelisema mpaka kufa.

Tulikuwa na masharti yetu. Kula umekaa, kula na watu, kula kwenye sahani au sinia, usile kwenye sufuria. Hamu ikikujia vibaya, usiende jikoni, nenda kwa mwenzio. Nimetembea mara nyingi kutoka Keko hadi sokoni Temeke na msasa bado mkononi. Nikifika ananiona kwa mbali, anapaza sauti katikati ya nguo zake, "Ficheni watoto, fundi ana njaa!" Wauza mitumba wote wanacheka, nami nakaa kwenye robota mpaka ile hamu inapita. Maana inapita. Hilo sikulijua, kwa sababu sikuwahi kuingoja hata mara moja.

Habari zilimfikia Matilda, kama zinavyofika. Kwamba mumewe kila alasiri anakaa kwenye majeneza na mwanamke. Akaja amefunga khanga kiunoni. Mnajua maana ya mwanamke kufunga khanga kiunoni.

"Baba Agnesi! Huyu nani?"

"Mtani wangu, mama."

"Utani gani huu wa saa za kazi?"

Kabla sijajibu, Mtani akasema bila hata kuinuka, "Dada, mumeo hanitaki mie, anataka ugali. Na mie simtaki yeye, nataka ugali huohuo."

Matilda akanitazama. Nikaona sina pa kwenda, nikamwambia yote, kuanzia misumari ya Chang'ombe. Kuna saa katikati nilitamani ningekuwa kweli na hawara, maana hiyo ni aibu ambayo watu wameizoea. Nilipomaliza alitafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa palepale, akakaa juu ya sanduku kama sisi.

"Nilijua," alisema. "Mtu anafikisha sanduku lenye vanishi iliyokauka toka juzi, anarudi amenawa tapentaini. Nilijua miaka yote."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikuaibishe?" Akaanza kulia. "Na mie ningeonekanaje? Watu wangesema mke gani huyu, hamshibishi mume."

Nilidhani aibu ile nilikuwa nayo peke yangu, kumbe nilikuwa nimembebesha na yeye, na ya kwake ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu yeye hata kile chakula hakukila.

Baadaye akaja dereva mmoja wa lori la mbao, kisha mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Sikuwatafuta. Mwenye ugonjwa huu anamjua mwenzie kwa jicho. Mtaani wakaanza kusema, wale wanene wanaoingia kwa Fundi Haule wanakwenda kupimwa mapema. Tukawaacha waamini. Ilikuwa heri kudhaniwa tunajiandaa kufa kuliko kujulikana tunachosema mle.

Nikaanza kupungua. Mngedhani nilipongezwa! Suruali ilipoanza kunipwaya, minong'ono ikaanza. "Fundi naye kaupata." Mteja mmoja, mtu mzima, aliniuliza huku akicheka kwa woga, "Na lako umeshaanza kuranda?" Wengine waliacha kunipa mkono. Na yule mama ntilie wa jirani, kwa huruma yake, akawa ananijazia sahani bila kuniuliza: "Kula baba, ugonjwa huu dawa yake kula." Hebu fikirini. Nimepigana miezi yote ile, sasa dunia nzima inanibembeleza nile.

Nikala. Nilijiambia nakula ili wateja wasikimbie, watoto wasitengwe. Nikaacha kwenda kwa Mtani, na yeye akija nawaambia vijana waseme nimekwenda Madale kupima mlango. Siku moja hakuwauliza, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya rundo la mbao, akanikuta nimechuchumaa na bakuli.

"Unakula ili watu wakuone mzima?" aliniuliza.

"Ndiyo, mtani."

"Na sie tunaokuona kila siku, sie si watu?"

Akanyoosha mkono. Nikampa bakuli. Akalitoa nje, akalimwagia kuku wa jirani, akarudi akakaa. Siku hiyo hakunitania.

Msidhani yeye alikuwa mwamba. Alinishinda kwa mengi lakini mwili wake ulikuwa umeshaharibika mapema. Alikuwa na sukari, na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Alianza kukosa kuja. Nikaenda sokoni, nikamkuta amejibana katikati ya marobota na mfuko wa maandazi, anakula haraka haraka, machozi yanamtoka. Aliponiona akaniambia, "Toka!" Akanitukana, na halikuwa tusi la utani. Mimi Mngoni, mtoto wa watani, nilitafuta neno la kumchekesha nikalikosa. Nikakaa kwenye robota kando yake.

"Usiniangalie," alisema.

"Sikuangalii. Nimekaa tu."

Nikaangalia viatu vya watoto vilivyoning'inizwa mpaka aliponyamaza, akanipa mfuko uliobaki. Vijana, hiyo nayo ni kazi ya mikono. Kuna mbao huwezi kuipiga randa, unaiacha ikae kivulini mpaka ipoe. Nilichelewa kujifunza, na sijui kama ningeijua mapema ingesaidia. Nalifikiria hilo mara nyingi.

Alifariki si muda mrefu baada ya hapo. Mguu walishaukata, haikutosha.

Nilipoletewa habari, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kamba ya kupimia. Ndipo nikakumbuka kwamba Mtani ni Muislamu, atakwenda kwa sanda na jeneza la msikiti, lile linalorudi. Nimewatengenezea masanduku watu nisiowajua majina, na huyu aliyenikalisha chini nikasema ukweli, sikuwa na ubao hata mmoja wa kumpigilia. Nikaenda mikono mitupu.

Wayao walikuwa wamejaa, na waliponiona tu wakapiga kelele. "Mngoni kaja! Watani wetu hao! Haya fundi, mwigize marehemu!" Watu wakafungua nafasi katikati ya mikeka. Ilikuwa zamu yangu, kwa sheria ileile. Wanawe walikuwa pale mbele, macho yamevimba, wananitazama. Walitaka kumwona mama yao mara moja zaidi.

Nami nilimjua kuliko wote waliokuwepo. Nilijua alivyopindua upindo wa khanga, alivyogeuza shingo kutazama nani anaona, alivyotafuna bila kufumbua mdomo. Hayo ndiyo niliyoyajua vizuri kuliko yote, na hayo ndiyo ambayo kamwe nisingeyatoa. Nilisimama. Nikawatazama wanawe. Mtu mmoja akasema, "Mngoni kaogopa!"

Nikaomba mfuniko wa sufuria na mwiko. Nikajifunga khanga ya mtu kiunoni, nikapiga ule mfuniko, nikapaza sauti yake, ile ya sokoni: "Wangoni nyie! Njooni mumwone fundi wenu! Kaleta sanduku moja, anaondoka na masufuria matatu!" Kisha nikafura mashavu, nikatembea kama yeye alivyotembea alipokuwa ananiigiza mimi, tumbo mbele, miguu nje, nikapima masufuria kwa kamba. Nikasema kwa sauti yake kila kitu. Kwamba fundi huyu alidanganya ametumwa na padri. Kwamba alimwibia mwanawe maandazi akamsingizia paka. Kwamba alikuwa akinawa tapentaini. Walianguka kwa kicheko, na katikati ya kicheko binti yake mkubwa akapiga yowe, "Ndiye! Ndiye mama huyo!" Nikashindwa kuendelea.

Wanaume walipotoka kuzika nilikwenda nao. Tuliporudi, masinia yakatolewa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tayari kuondoka, kwa ajili ya ule mwiko wa Mzee Abeid. Halafu nikakumbuka kwamba safari hii sikuleta sanduku. Mzee mmoja wa Kiyao akanivuta mkono: "Kaa, mtani, ule." Tukakaa watu watano. Nikanawa. Nikala upande wangu, mbele yangu, mbele ya macho yao. Mzee akanigawia mnofu mkubwa kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Mkono wangu, ule niliokuwa nikiutazama kama wa mtu mwingine, ukauchukua, ukaumega, ukauweka nusu mbele ya jirani yangu. Walipoinuka niliinuka. Lilikuwa limebaki pilau. Nililiona, na hamu niliisikia, msidhani sikuisikia. Naisikia hata leo.

Nyumbani Matilda alikuwa mlangoni. Kwa miaka mingi nilipotoka msibani nilikuwa nampita haraka, mikono mfukoni. Siku ile nikasimama nikamnyooshea mkono wa kulia.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula na watu," nikasema. "Nusa."

Akaushika kwa mikono miwili, akaunusa. Ulikuwa unanukia pilau.